Mgodi wa Rosterman: Dhahabu Ilitoka, Mashimo Yakabaki

Kandokando ya mji wa Kakamega uko mtaa uitwao Rosterman. Mgeni apitaye hapo huona makao ya watu kama mitaa mingine, asijue kwamba jina hilo ni la kampuni iliyochimba dhahabu chini ya ardhi ile. Yafaa kila mwenye shamba aijue habari yake.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, Bwana L. A. Johnson, mkulima wa Turbo, aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Wakati huo bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote, na nzige walikuwa wameharibu mashamba. Kwa hiyo walowezi wengi waliofilisika walikimbilia huko, wakapiga hema na kuchekecha mchanga wa mito.

Lakini nchi ile ilikuwa ya wenyeji. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba nchi iliyotengewa Waafrika itakuwa yao milele, na kwamba sehemu yoyote ikitwaliwa, watapewa nyingine ya kadiri ile ile. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa: mahali penye madini, mwenye shamba angeweza kulipwa fedha tu, pasipo kupewa ardhi badala yake. Ahadi ya milele haikumaliza miaka mitatu. Manung'uniko yakawa makubwa, hata yakafika katika Bunge la Uingereza.

Mchanga wa mito ulipopungua, kazi ikawa ya makampuni yenye mitambo. Kampuni ya Rosterman ilianza katikati ya miaka ya 1930 kuifuata dhahabu ndani ya mwamba. Katika mgodi wa namna hii mwamba hupasuliwa kwa baruti, mawe hupandishwa juu, husagwa yakawa unga, ndipo dhahabu itengwe kwa dawa. Mgodi huo ulitoa aunsi zipatazo 250,000, yaani zaidi ya tani 7, kisha ukafungwa mwaka 1952.

Mgodi ukifungwa hauishi. Pampu zikisimama, maji hujaa chini; miti iliyotegemeza dari huoza, na udongo wa juu hulegea. Hata hivyo wachimbaji wadogo wamerudi mahali pale na kushuka kwa kamba kutafuta mabaki, na mara kwa mara mashimo yameporomoka na kuua watu. Wengine hushika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma. Moshi wake ni sumu ya ubongo, na hudhuru zaidi watoto na wajawazito.

Sheria ya sasa ni nyingine. Chini ya Katiba ya mwaka 2010 madini ni mali ya umma. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imegawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa.

Somo hili si la Kakamega peke yake. Huko Gusii, katika nchi ya Nyamarambe, watu wa Tabaka huchimba mawe ya sabuni yachongwayo vinyago na vyombo. Jiwe hilo halina sumu ya zebaki, lakini shimo ni shimo. Kabla ya jembe la kwanza, wenye ardhi na waulize mambo matatu: nani atalipwa, nani atalinda maisha ya wachimbaji, na nani atafukia shimo kazi itakapokwisha. Wazee wa Kakamega walipewa jibu la swali la kwanza tu, nalo baada ya wageni kuwasili.