SAUTI NYUMA YA KATUNI: FUNZO KUTOKA KWA LUPITA NYONG'O

Katika ukurasa huu nataka tuichunguze kazi ambayo wengi wetu tunaifurahia bila kuifikiria, yaani kazi ya mwigizaji wa sauti katika katuni. Mfano wangu ni Mkenya mwenzetu, Lupita Nyong'o. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa jambo linalotusumbua hapa Baba Dogo: kucheka lafudhi za wenzetu.

1. Kazi yenyewe

Mchoro hauna koo. Simba au roboti unayemwona kwenye runinga amepewa sauti na mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni, ndani ya chumba kisichopitisha kelele. Mara nyingi sauti hurekodiwa kwanza, kisha wachoraji hulinganisha midomo ya mhusika na maneno yaliyosemwa. Katuni ikitafsiriwa, mambo hugeuka: mwigizaji ndiye anayekimbizana na midomo iliyokwisha kuchorwa. Kwa vyovyote vile, nguo, sura na mikono yake hazionekani. Hasira, woga na mapenzi vyote sharti vipitie kwenye sauti tu.

Msidhani kazi hii ni ya waliozaliwa na ulimi mwepesi. Katika The Lion King ya mwaka 1994, filamu iliyojaa majina ya Kiswahili kama Simba, Rafiki na Pumbaa, sauti nzito ya Mufasa ilikuwa ya Mmarekani James Earl Jones, aliyefariki mwaka 2024. Mtu huyo alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi, akakaa miaka karibu 8 bila kusema sana. Mwalimu wake ndiye aliyemfungua ulimi kwa kumtaka asome shairi mbele ya darasa.

2. Safari ya Lupita

Lupita alizaliwa mwaka 1983 katika jiji la Mexico, wazazi wake Wakenya, akalelewa hapa Nairobi. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare na kundi la Phoenix Players. Baadaye alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akamaliza mwaka 2012. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave.

Hapo wengi hukomea. Lakini kuna Lupita mwingine ambaye humwoni. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mbwamwitu anayemlea mtoto wa binadamu katika The Jungle Book. Mwaka 2024 akawa Roz, roboti aliyetupwa na dhoruba kisiwani katika The Wild Robot. Mwanzoni Roz anaongea kwa uchangamfu wa kutengenezwa, kama mashine inayomkaribisha mteja. Akiisha kumlea kifaranga wa bata bukini, sauti inalainika kidogo kidogo mpaka unasahau kwamba ni chuma kinachosema. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Annie mwaka 2025. Lakini ilimgharimu. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba alipata uvimbe kwenye nyuzi za sauti, ikabidi akae kimya kwa miezi 3. Basi anayesema katuni ni mchezo wa watoto, mwambie hivyo.

3. Lafudhi: kuiacha na kuirudia

Alipokuwa Yale, Lupita alijifunza lafudhi ya Kimarekani akawa anaitumia kila siku, akiamini kwamba bila hiyo hatapata kazi. Amesimulia kuwa jambo hilo lilimuuma, akajiona kama anajisaliti. Mwaka 2013, filamu ya 12 Years a Slave ilipotoka, aliamua kuzungumza na ulimwengu kwa lafudhi yake ya Kenya. Hakuitupa ile aliyojifunza. Anaivaa kazini kama sare, na jioni anaivua.

Sasa turudi hapa kwetu. Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na watu kutoka kila pembe ya nchi. Darasani mwangu utasikia Kiswahili chenye mwendo wa Kijaluo, Kikamba, Kikuyu na Kiluhya, na Sheng juu yake. Mtu akisimama kusoma, wengine wanaanza: "Ati nini? Rudia!" Nimeona mwenzetu mwenye kipaji akikataa kusoma sehemu yake ya igizo kwa sababu ya vicheko hivyo. Chama kilipoteza msomaji mzuri bure tu.

Ni vizuri tutofautishe mambo mawili:

(a) Kosa la matamshi hubadilisha maana. Ukisema "naenda kura" ilhali una njaa, msikilizaji atadhani unaenda kupiga kura. Ukisema "sauri" badala ya "shauri", neno limepotea. Hili hurekebishwa kwa mazoezi, si kwa kicheko.

(b) Lafudhi ni mwendo wa sauti unaoonyesha mtu ametoka wapi. Maneno yote yanaeleweka. Hata Mswahili wa Lamu na yule wa Unguja hawasemi kwa mwendo mmoja. Hili si ugonjwa, halihitaji dawa.

Maoni yangu ni haya: Kiswahili sanifu tukisome kwa bidii, maana ndicho cha mtihani na ndicho kinachotuunganisha. Lakini asiwepo wa kukaa kimya kwa kuogopa kwao kusikike. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa.

4. Zoezi

Roz alijifunza lugha za wanyama kwa kukaa kimya na kusikiliza. Nasi tufanye vivyo hivyo.

(i) Sikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili redioni kwa dakika 5, kisha iga msomaji.
(ii) Soma sentensi "Mama amerudi" kwa furaha, kwa woga, kisha kwa hasira. Usitumie mikono.
(iii) Wawili wawili, someni kwa sauti: kula na kura, shauri na sauri, lea na rea. Ni maneno gani hayana maana?
(iv) Atakayemcheka mwenzake asome yeye kwanza.