Babu Yako Yumo Kwenye Daftari la Nani?

Mpanda ni mji wa watu waliofika. Wapimbwe, Wakonongo na Wabende walikuwepo. Wakaja Wafipa, Wanyamwezi, Waha na Wasukuma, wakaja mapadre kutoka Ufaransa, maofisa wa Kijerumani, mafundi wa Kiingereza wa mgodi wa risasi, kisha maelfu ya watu kutoka Burundi. Na kila aliyeshika madaraka alishika pia kalamu. Ndiyo maana mtu wa Katavi anayetafuta ukoo wake anaweza kujikuta akiandika barua kwenda Roma, London au Brussels. Kama nawe umeanza kuulizwa na watoto, "Sisi ni wa wapi?", vidokezo hivi ni vyako.

1. Bibi kwanza, intaneti baadaye

Nenda na shikamoo, na nenda siku ambayo huna haraka. Usimwulize bibi alizaliwa mwaka gani. Mwulize alikuwa mkubwa kiasi gani treni ilipoanza kufika Mpanda. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika mwaka 1950, kwa hiyo jibu lake moja linakupa pa kuanzia. Mwulize mtemi wa wakati huo alikuwa nani, nani alimsimamia ubatizo, babu alifanya kazi kwa bwana yupi, na bwana huyo kazi yake ilikuwa nini. Akikuruhusu, rekodi sauti yake kwa simu. Ukifika nyumbani utakuwa bado unakumbuka hadithi, lakini majina yatakuwa yamekwisha kukutoka, na ofisi za nyaraka hutafuta kwa majina.

2. Jua kalamu ilikuwa mkononi mwa nani

Hiki nakithamini kuliko vyote. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika. Wajerumani wakatawala hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza hadi Uhuru mwaka 1961.

Sasa weka kizazi chako mbele ya miaka hiyo. Karatasi za Émile Storms, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Karema kabla ya mapadre, ziko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, katika Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati. Za mapadre ziko Roma. Za Kijerumani zimegawanyika: nyingine Berlin, nyingine Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Barua kati ya serikali ya Tanganyika na London ziko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, chini ya alama CO 691.

Mipaka nayo iangalie. Mkoa wa Katavi umezaliwa mwaka 2012. Kabla yake tulikuwa Rukwa, mkoa ulioundwa mwaka 1974, na kabla ya hapo Mpanda ilihesabiwa upande wa Tabora, katika Jimbo la Magharibi. Ukimwomba mhifadhi wa Kew mafaili ya "Katavi" ya mwaka 1952, atakujibu kuwa hayapo, na atakuwa anasema kweli.

3. Usivuke bahari kabla hujafika Karema

Wakati wa Mwingereza, cheti cha kuzaliwa hakikuwa jambo la Mwafrika wa kijijini. Kwa familia ya Kikatoliki, daftari la ubatizo ndilo lililofanya kazi hiyo, na humo hupatikana jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi na tarehe. Madaftari ya zamani yaliandikwa kwa Kilatini, lakini usiogope. Maneno yanayorudiwa ni machache na padre wa parokia atakusaidia. Tazama sana pembeni mwa ukurasa. Kwa desturi ya Kanisa, mtu akifunga ndoa parokia nyingine, taarifa hurudishwa alikobatizwa na kuandikwa hapo. Mstari mmoja wa pembeni unaweza kukuonyesha kwamba shangazi aliyepotea aliolewa parokia ya mbali.

Kumbuka pia kwamba makao ya jimbo la Kanisa yalihamia Sumbawanga mwaka 1969, na Jimbo la Mpanda limeanzishwa mwaka 2000. Uliza ofisi zote mbili kabla hujakata tamaa.

Zaidi ya madaftari, kila misheni ya Mapadre Weupe iliagizwa na Kardinali Lavigerie kuandika shajara ya kila siku, kwa Kifaransa: nani amefika, nani ameugua, nani amegombana na nani. Nyaraka kuu za shirika hilo ziko Roma.

Kuna jambo ambalo familia nyingi husema kwa sauti ya chini. Karema ilikuwa mahali ambapo mapadre waliwakomboa watoto na watu wazima waliokuwa wakiuzwa utumwani, wengine wakiwa wametokea ng'ambo ya ziwa. Kwa mtu wa namna hiyo unaweza kukuta nafasi ya wazazi haina kitu. Hiyo si aibu ya ukoo wako hata kidogo; aliyeibiwa hana hatia ya kuibiwa. Mtazame Adrien Atiman, mganga wa Karema. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, kisha akawatibu watu wa Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi karibu na kifo chake mwaka 1956. Alioa huku, akapata mtoto aliyekuja kuwa padre. Mtu aliyenyang'anywa ukoo akaanzisha mwingine, na nyayo zake zimebaki kwenye karatasi za mabara mawili.

4. Liandike jina kwa tahajia zote

Mfaransa aliandika Ufipa "Oufipa". Mjerumani aliandika Ujiji "Udjidji". Mwingereza alichanganya r na l kadiri alivyosikia. Kabla ya kutafuta lolote, andika jina la babu na la kijiji chake kama ambavyo kila mmoja wao angeliandika. Majina ya ubatizo nayo hubadilika: Adriani wa nyumbani ni Adrien kwa Kifaransa na Adrianus kwa Kilatini.

5. Kama unayemtafuta ni Mwingereza

Wapo, na nadhani muda wa kunong'ona umepita. Mgodi wa risasi wa Mpanda, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals, ndio uliosababisha reli ijengwe, na uliwaleta Wazungu mafundi, wapimaji na wahasibu. Wengine walikuja na serikali: mabwana shauri, mabwana nyama, watu wa ndorobo na malale. Baadhi waliacha watoto, na mara nyingi kilichobaki nyumbani ni jina la utani tu.

Jina la utani halimo kwenye orodha yoyote ya meli. Kwa hiyo anza na kazi yake. Aliyekuwa mtumishi wa serikali anaweza kupatikana katika Gazeti la Serikali ya Tanganyika, ambamo uteuzi na uhamisho vilichapishwa. Ukishapata jina la ukoo na umri wa kukadiria, nenda kwenye orodha za abiria. Zilizo Kew zinahusu waliotoka Uingereza kwa meli kati ya 1890 na 1960 (alama BT 27), na waliorudi kati ya 1878 na 1960 (BT 26). Zimewekwa kwenye mtandao. Humo mna jina, umri, kazi, bandari, na katika nyingi za miaka ya baadaye mna hata anwani ya nyumbani Uingereza. Mtu anayeshuka Dar es Salaam mwaka 1951, kazi yake injinia wa migodi, anastahili kutazamwa mara mbili.

Ukiwa na anwani, umefika nchini kwake. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo, Uingereza na Wales, ulianza Julai 1837, na faharasa ya vizazi ya ofisi kuu ya uandikishaji huonyesha jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Hilo ndilo hutenganisha akina John Smith. Sensa hufichwa miaka 100: ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 usiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Badala yake kuna Daftari la 1939, lililoandikwa Septemba vita vilipoanza, ingawa wengi waliozaliwa chini ya miaka 100 iliyopita bado wamefichwa. Kabla ya 1837 utarudi kwenye madaftari ya parokia, ambayo yaliamriwa kuanzishwa mwaka 1538.

Kabla hujalipa popote, jaribu FamilySearch ya Wamormoni wa Salt Lake City na FreeBMD. Zote ni bure, na zinafunguka kwa simu.

6. Kama alikuwa askari au mpagazi wa vita

Tafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, lakini usishangae ukimkosa. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa Vita ya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ukiwa na jina na ushahidi, wapelekee. Waliokosea ni wao, na kudai ni haki yako.

7. Familia za Katumba na Mishamo

Kwa waliokimbia Burundi mwaka 1972, na watoto wao miongoni mwa wale zaidi ya 162,000 waliopewa uraia, kumbukumbu za mababu ziko kwenye parokia za Burundi na kwenye nyaraka za utawala wa Ruanda-Urundi zilizoko Ubelgiji. Andika mlima wa asili na tarafa kabla wazee wanaovikumbuka hawajaondoka.

8. Vinasaba, kwa tahadhari

Kipimo cha mate kinaweza kukuunganisha na binamu aliyeko Uingereza ambaye hajui kama upo. Husaidia sana pale karatasi zinapoishia. Ila zungumza kwanza na mama au bibi, maana siri inayoweza kufichuka ni ya kwake kabla haijawa yako.

9. Barua fupi hujibiwa

Mwandikie mhifadhi kwa lugha ya nyaraka anazozitunza, au kwa Kiingereza kilicho wazi. Mtu mmoja, swali moja. Taja jina na tahajia zake zote, mahali, miaka ya kukadiria, wazazi kama unawajua, na umeshatafuta wapi. Uliza gharama ya nakala kabla hawajaanza kazi. Jibu likija, litoe nakala mbili: moja ibaki kwako, nyingine ipeleke kwenye ile nyumba ya bibi ulikoanzia, umsomee kwa Kiswahili, kisha umwulize kama majina yaliyomo anayafahamu.