Kabla hujabadilisha amplifaya, sikiliza spika zako

Watu wengi wakipata fedha ya kuboresha muziki wa sebuleni hukimbilia amplifaya, kwa kuwa ndiyo yenye taa na wati nyingi kwenye boksi. Fedha hiyo naomba ikae kwanza mfukoni. Kuna mambo ya kujaribu yasiyogharimu kitu.

Chukua simu unayopigia muziki, chomeka hedifoni, sikiliza wimbo uleule. Ukisikika safi, simu haina kosa. Ukikwaruza hata masikioni, huenda faili lenyewe ndilo bovu, na hakuna spika itakayoliponya. Tafuta nakala ya kilobiti 320 kwa sekunde badala ya ile ya 128.

Kisha simama katikati ya sebule upige kofi moja, usikilize mwangwi. Nyumba zetu nyingi zina vigae sakafuni na kuta za saruji, kwa hiyo sauti hudunda huku na huku mpaka maneno ya mwimbaji yanavurugika. Zulia na pazia zito husaidia sana. Spika zilizobanwa kwenye kona huvumisha besi kupita kiasi. Zivute kama nusu mita kutoka ukutani, uzishushe kutoka juu ya kabati, twita, yaani vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi. Halafu kagua waya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye spika zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja husukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hupotea. Nyumba ngapi zimenunua sabufa kwa ajili ya kosa hilo!

Baada ya hapo, kama muziki bado haukuridhishi, anza na spika. Amplifaya ya kawaida ya leo, isipolazimishwa, huichafua sauti kwa chini ya asilimia 0.1. Spika kwenye besi hufika asilimia 1 na zaidi kwa urahisi, kwa sababu hapo umeme unageuzwa kuwa mwendo wa koni kwa kutumia sumaku na koili. Lakini usiitupe ya zamani kabla ya kuitazama. Sponji inayozunguka koni huchakaa, hasa kwenye joto na unyevu kama wa pwani. Iguse kidogo, na ikimeguka kidoleni, hiyo ndiyo sababu ya mkoromo. Fundi mzuri hubandika nyingine kwa bei ndogo kuliko ya spika mpya.

Amplifaya ina zamu yake. Ibadilishe kama inajizima au sauti inapasuka kwa kiwango unachosikiliza kila siku, au kama haikuundwa kubeba spika za omu 4 ulizonazo. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Ili muziki usikike kama umeongezeka maradufu, unahitaji karibu wati mara kumi. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja hukupa sauti ileile ya spika ya 87 kwa nusu ya nguvu. Na maelfu ya wati yaliyoandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo mno, yapuuze; uliza RMS, nguvu ya mfululizo.

Kampuni ya vifaa vya muziki ya Linn, iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1973 na Ivor Tiefenbrun, ilisisitiza kwamba fedha ianzie kwenye chanzo cha muziki. Kwa mwenye santuri hoja hiyo bado ina uzito, maana sindano iliyolika huharibu sauti na sahani pia. Kwa anayetumia simu au CD, chanzo kinaweza kusubiri. Waya za bei kubwa ziache kabisa. Shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha sebule ya kawaida.

Ukienda dukani, beba nyimbo unazozijua vizuri, hasa zenye sauti ya mtu iliyo wazi. Mwombe muuzaji apige kwa kiwango unachotumia nyumbani, maana wakikufungulia sana kila spika huonekana nzuri. Na kabla ya kulipa, kubalianeni kama unaweza kuzirudisha zikisikika vingine kwako.