Kujenga Nyumba Penye Mteremko

Kampala ni mji wa vilima, na kiwanja tambarare hapa ni bahati ya wachache. Baba yangu mdogo amepata kiwanja ubavuni mwa kilima, naye apenda nyumba kama zile za mashamba ya Italia na Hispania: kuta nene zilizopakwa chokaa, vigae vyekundu, na baraza yenye matao. Fundi wake ataka kukichimba kiwanja chote kiwe sawa. Mimi nimemchorea ramani nyingine, na sababu zangu ni hizi.

Tupime kwanza. Jaza maji katika mpira mwangavu, uzishike ncha zake kwenye vigingi viwili. Maji husimama sawasawa pande zote mbili, nasi twasoma tofauti ya urefu. Kiwanja hicho hushuka futi 4 katika futi 24. Ukikisawazisha kwa kuchimba nusu na kujaza nusu, udongo wa kujazia utadidimia baada ya masika machache, na ukuta utapasuka. Lakini tukiigawa sakafu sehemu mbili za futi 12, moja ikiwa futi 2 chini ya nyingine, hatutachimba zaidi ya futi 2 popote, na nyumba yote itasimama juu ya ardhi ya asili. Vidato 4 vya inchi 6 vyatosha kushukia sebuleni. Wenyeji wa Kigezi hulima milima yao vivyo hivyo, ngazi kwa ngazi.

Adui mkubwa ni maji. Upande wa juu pachimbwe mfereji wa kuyapitisha kando ya nyumba (wala yasimwagikie jirani wa chini!). Ukuta wa mawe unaozuia udongo uachiwe matundu, maana maji yakikusanyika nyuma yake huusukuma mpaka uanguke.

Kule Bahari ya Kati kiangazi ni kikavu, na paa hulala. Hapa mvua huja kwa kishindo, kwa hiyo paa liinuke zaidi na upenu utokeze futi 3. Vigae hufinyangwa Kajjansi, njia ya Entebbe, tangu 1950. Ni vizito, basi mbao ziwe imara.

Karibu na Ikweta yafaa kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Kiwanja chetu huteremkia magharibi, hivyo mteremko na jua vyagombana. Nimeufuata mteremko, kwani jua laweza kuzuiwa na baraza ya futi 8. Baba mdogo amezichukua ramani zote mbili. Kuchimba kutaanza mvua za Novemba zikiisha.