Efraimu na Gorogoro Yangu

Somo: Hosea 7:8-9 na 12:7-8

Somo la wiki hii lilianza na kopo la bati.

Wengi wenu mnajua nauza nafaka sokoni. Nilipookoka nilikuwa na gorogoro nzima, na kila nikipima naongeza mkono mmoja juu. Baadaye biashara ikawa ngumu. Majirani walikuwa wamebonyeza gorogoro zao, kitako kikaingia ndani kidogo, kwa hivyo bei yao ilikuwa chini ya yangu na wateja wakawaendea. Mimi sikubonyeza. Niliacha tu kuongeza ule mkono. Halafu siku moja kopo likaanguka, likabonyea lenyewe, na sikulinyoosha. Lilipotoboka nikanunua lingine kwa jirani, tayari limebonyezwa, na sikuuliza kitu. Wakati huo wote natoa fungu la kumi, naongoza maombi ya Ijumaa, na hata nimewahi kufundisha hapa kuhusu uaminifu. Sikukosa usingizi hata usiku mmoja. Hilo ndilo linanitisha mpaka leo.

Hosea alihubiri katika ufalme wa kaskazini, ambao yeye huuita Efraimu, karne ya 8 kabla ya Kristo. Anasema Efraimu amejichanganya na mataifa, amekuwa kama mkate ambao haukugeuzwa. Mama yeyote anayepika chapati ataelewa haraka: chini imeungua, juu bado ni unga. Upande wangu wa kanisani ulikuwa umeiva sana. Wa sokoni haukuwa umeonja moto.

Kisha nabii anataja mvi. Zimeanza kutokea kichwani mwa Efraimu, na wageni wamemla nguvu, na mara mbili Hosea anarudia kwamba mwenyewe hana habari. Angalieni hapo, wapendwa. Hasemi Efraimu alikataa kusikia. Anasema hakujua.

Sasa ilianza wapi? Rudini 1 Wafalme 12. Yeroboamu hakuwaambia watu wamwache Mungu. Aliwaambia kupanda Yerusalemu ni taabu kwao, akawawekea ndama Betheli na Dani, akasema hao ndio waliowatoa Misri. Maneno yalikuwa yale yale ya imani, safari tu imefupishwa. Miaka kama 200 baadaye, mwaka wa 722 kabla ya Kristo, Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuri.

Katika sura ya 12 Hosea anafika sokoni kabisa. Anamtaja mfanyabiashara mwenye mizani ya udanganyifu, na huyo huyo anajisifu kwamba ametajirika na hakuna atakayemwona na kosa. Niliposoma hapo nilifunga Biblia. Sisi wahubiri tunapenda kukemea mavazi na miziki ya vijana. Sikumbuki lini nilisikia mtu akikemea gorogoro.

Kosa langu lilikuwa kujipima na majirani. Ukisimama kati ya makopo yaliyobonyea, lako linaonekana sawa. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza mtu kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kipimo cha Bwana hakibadiliki soko likibadilika.

Na mvi huonwa na mtu mwingine. Kwangu alikuwa mama mmoja wa ushirika wetu. Alikuja dukani, akangoja wateja waondoke, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, si kwa ubaya. Haya maharagwe nimeyapima nyumbani na gorogoro yangu, hayajafika." Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba soko lote linapima hivyo. Nikasikia vile linavyosikika, nikanyamaza.

Kwa ushirika wa Jumatano, someni sura hizo mbili, kisha kila mmoja ataje mtu mmoja ambaye amempa ruhusa kumwambia ukweli. Asiyekuwa naye asione haya kusema hivyo. Mimi sikuwa naye. Yule mama alijituma tu.

Jioni hiyo nilinunua gorogoro mpya, nikampelekea maharagwe mpaka kwake. Aliyapima upya mbele yangu, polepole, nami nikangoja amalize. Kisha akaniwekea chai.