Kuchagua Spika za Masikioni: Sikio Hunufaika na Nini?

Kijana mkazi wa Kimbiji anayefanya kazi Kariakoo hupanda daladala hadi Kigamboni, huvuka kwa kivuko hadi Magogoni, kisha hupanda gari jingine. Mmoja wao alifika kliniki akilalamikia mlio masikioni uliomnyima usingizi. Alikuwa amenunua spika za masikioni za bei ghali, akiamini kuwa ubora wa sauti ni kinga. Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo ina kasoro.

Ndani ya sikio la ndani zimo seli zenye vinywele zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4. Tuchukulie kuwa kijana wetu husafiri saa mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa desibeli 90, siku moja humaliza kiasi cha wiki nzima. Kwa desibeli 80, siku tano hutumia nusu tu ya kiasi hicho.

Kinachomfanya aongeze sauti ni ngurumo za injini na honi. Kwa hiyo, sifa ya kwanza ya kutafuta ni uwezo wa kuzuia kelele za nje. Spika isiyoziba vizuri, hata iwe ya thamani gani, humlazimisha msikilizaji kushindana na daladala. Aidha, spika bora haikwaruzi inapopandishwa sauti, hivyo hukosekana onyo la kumwambia mtu apunguze.

Kabla ya kununua, zingatia haya:

1. Jaribu mipira ya ncha ya ukubwa mbalimbali. Tundu la kulia na la kushoto huenda yasilingane. Bonyeza spika taratibu: besi ikiongezeka, haikuwa imeziba.
2. Spika zinazotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio huziba vizuri zaidi, lakini umbo hilo lichukuliwe na mtaalamu baada ya sikio kukaguliwa.
3. Teknolojia ya kupunguza kelele husaidia hasa dhidi ya ngurumo ya injini.
4. Weka kikomo cha sauti kwenye simu, chini ya asilimia 60 ya kiwango cha juu.

Safisha mipira hiyo mara kwa mara na usiazimane. Anayetokwa usaha sikioni asizitumie hadi apone. Usizivae unapovuka barabara au kuendesha bodaboda.

Kwa mhudumu wa afya: muulize mgonjwa anasikiliza kwa saa ngapi, kwa sauti kiasi gani, na katika mazingira gani. Mlio unaodumu unahitaji kipimo cha usikivu. Usikivu uliopotea ghafla, ndani ya siku tatu, ni dharura. Mpe rufaa siku hiyohiyo bila kudhani kuwa ni nta.

Kijana wetu hakuambiwa aache muziki. Alibadilisha mipira ya ncha, akapunguza sauti, na akapangiwa tarehe ya kurudi kupimwa.