Kuunganisha Miraba kwa Mikanda na Kona

Wengi wenu mnashona vitandiko vya viraka kutokana na mabaki ya kitenge na nguo za mitumba. Kila mama anashona miraba yake nyumbani, halafu siku ya mkutano inaletwa pamoja. Hapo ndipo maneno huanza: mraba wa huyu ni inchi 13, wa yule ni 12 na robo! Sisi tuliiunga hivyo hivyo. Kitandiko kikainuka katikati kama hema, mteja akakirudisha, na pesa za kwanza tulizokuwa tumeshagawana ikabidi tuzitafute.

Dawa yake ni mikanda. Mkanda ni kitambaa chembamba cha rangi moja kinachokaa kati ya mraba na mraba. Pale mikanda inapokutana unaweka kiraka kidogo. Wamarekani hukiita jiwe la pembeni, kama lile la kujengea kanisa. Sisi tuseme kona tu.

Fueni kitambaa kwanza, kiruke kabla ya kukatwa. Kata kipimo cha katoni, inchi 13 kila upande, na kila mraba ukatwe kwa hicho hicho. Mraba mdogo uzungushiwe utepe wa kitambaa, kisha ukatwe. Msipunguze ya wengine yote kwa sababu ya mmoja.

Mikanda ikatwe inchi 3 kwa 13, urefu ukifuata pindo la kitambaa ili isivutike. Kona ni inchi 3 kwa 3. Mshono uwe nusu inchi kila mahali. Msipime mkanda kwa mraba wake, maana ndilo kosa lililotuharibia kazi. Mraba ukizidi kidogo, uweke chini na mkanda juu. Meno ya cherehani yatauvuta taratibu.

Kwa miraba 20, yaani 4 kwa upana na 5 kwa urefu, mnahitaji mikanda 49 na kona 30. Mita moja na nusu ya kitambaa cha upana wa inchi 45 inatosha mikanda. Kona zitoke kwenye mabaki. Kitandiko kitafika inchi 58 kwa 72. Bila mikanda, miraba hiyo hiyo ingetoa 48 kwa 60 tu, kitanda kingebaki wazi.

Shoneni safu moja moja. Safu ya kwanza: mkanda, mraba, mkanda, mraba, mpaka imalizike kwa mkanda. Zitakuwa 5. Safu ya pili: kona, mkanda, kona, imalizike kwa kona. Hizo ni 6, kwa sababu moja inakaa juu kabisa na nyingine chini.

Sasa pasi. Hata ya makaa inafaa, mradi jivu lisimwagike. Katika safu zote, lazeni mishono upande wa mkanda. Mkizikutanisha safu mbili, mishono italala kinyume na kushikana. Utaisikia kwa kidole. Tia pini hapo kwanza, katikati baadaye.

Kabla ya kutia bitana, tandazeni kazi sakafuni mpime pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vipimo vikitofautiana, tafuteni kona iliyopinda mfumue mshono wake, siyo safu nzima.